Kichwa Kile si cha Alexander

Juzi usiku simu ikalia. Kijana mmoja anayesoma Uholanzi: "Shikamoo mzee. Nimenunua tetradrakma, sarafu ya fedha ya Kigiriki, mnadani, ina picha ya Alexander Mkuu mwenyewe. Naomba unitazamie." Marahaba, mwanangu. Kabla sijafungua picha nilishajua nitakutana na nani: kijana asiye na ndevu, kajifunika ngozi ya simba, taya la simba limemkaa juu ya paji la uso, makucha yamefungwa fundo shingoni. Ni ujumbe wa tatu wa aina hiyo mwezi huu, na mwezi wenyewe haujafika katikati. Basi naandika mara moja. Mwingine akiuliza nitamtumia hii nikalale.

Huyo ni Herakles, shujaa wa hadithi za Wagiriki. Simba ni yule wa Nemea, aliyemnyonga kwa mikono kwa sababu ngozi yake haikuingia chuma. Upande wa pili ameketi Zeus, mkuu wa miungu yao, tai mkononi, fimbo ya enzi mkono wa pili, na nyuma yake maandishi ΑΛΕΞΑΝΔΡΟΥ, yaani "ya Alexander". Fedha, gramu 17 na kitu, kipimo cha Athene, drakma 4. (Drakma si neno geni kwako: ndiyo dirhamu, ilipita kwa Waarabu ikatufikia.) Za dhahabu zina miungu wa kike, Athena na Nike, leo sina muda nazo.

Kosa lenyewe ni la mazoea. Sisi tumekua na sarafu zenye kichwa cha mkubwa: Mfalme George, kisha Mzee Kenyatta, kisha Mwalimu. Tukiona kichwa tunauliza cheo. Kenya walipotoa sarafu mpya mwaka 2018, kwa kuwa Katiba ya 2010 imekataza sura za watu, shilingi 10 ikapewa simba, na sijamsikia mtu akidai kuwa huyo simba ni rais. Wagiriki wa zama zile mahali pa kichwa walimwachia mungu au shujaa. Huko Lykia, kusini mwa Uturuki ya leo, na kwa maliwali wachache wa Uajemi, mambo yalishaanza kulegea, lakini mfalme wa Makedonia kujibandika uso wake palipo pa mungu bado lilikuwa jambo zito.

Sasa, huyo wa kwanza namsamehe. Anayenikera ni wa pili, yule aliyesoma kidogo. Atakwambia: "Najua ni Herakles, mzee, lakini amechongwa kwa sura ya Alexander." Anatamka kwa upole, kama daktari anayempa mgonjwa habari mbaya. Na wauzaji wanampenda, kwa sababu sentensi hiyo inapandisha bei.

Haya, tutazame. Perdikkas III, baba mkubwa wake Alexander, alitawala Makedonia mwaka 365 hadi 359 KK. Sarafu zake zina Herakles kijana, bila ndevu, kavaa ngozi ya simba. Alexander alizaliwa 356. Kama ile ni sura yake, basi mchongaji alikuwa mtabiri. Babu yake, Amyntas III, naye alimweka Herakles, ila kwenye fedha zake ana ndevu. Sababu haina siri: ukoo ule ulidai kuwa Herakles ni babu yao. Alexander alirithi kichwa kile kama mtu anavyorithi jina la ukoo.

Kisha zipange mezani kumi kutoka miji tofauti. Ya Amfipoli (wasomaji wa Matendo ya Mitume mnaijua, Paulo alipita hapo) ina uso mkavu, wa kazi. Ya Babeli ina mashavu. Nyingine jicho limetumbuka, nyingine pua imenyooka kama rula. Kila karakana ya kupigia sarafu ilikuwa na wachongaji wake na kila mchongaji na Herakles wake. Anayeona mtu mmoja katika nyuso hizo zote anaona alichokuja nacho kutoka nyumbani.

Hapa ndipo ningependa kusimama nikapigiwe makofi. Bahati mbaya lipo jeneza la marumaru lililofukuliwa Sidoni mwaka 1887, sasa liko Istanbul, wanaliita la Alexander ingawa hakuzikwa humo. Ubavuni mwake kuna vita, na Alexander yupo juu ya farasi, kichwani kavaa nini? Kichwa cha simba. Na Sidoni ilikuwa na karakana iliyopiga sarafu hizihizi. Kwa hiyo watu wa Sidoni, kizazi kilekile, waliweza kumtazama Herakles wakamfikiria mfalme. Muda mfupi baada ya kifo chake, Ptolemaio, jemadari wake aliyeshika Misri, akatoa sarafu yenye Alexander kweli, kajifunika ngozi ya kichwa cha tembo. Angewezaje kuibadili simba kwa tembo akaeleweka, kama watu hawakuwa wameshazoea kuona Alexander ndani ya ngozi? Hilo linanisumbua. Msimamo wangu ni kwamba aliyechonga alichonga Herakles. Aliyenunua nayo mkate sokoni aliona nini, siwezi kumsemea.

Ukitaka sura yake bila ubishi, nunua ya Lysimachos, jemadari wake mwingine, iliyoanza kutoka takriban 297 KK. Ina utepe wa kifalme kichwani na pembe ya kondoo ya mungu Amoni juu ya sikio. Kwa sababu ya pembe hiyo kila mara naulizwa habari za Dhulkarnaini, yule "mwenye pembe mbili" wa Kurani. Wafasiri wamekhitilafiana kama ndiye huyu, na mimi fani yangu ni sarafu, nawaachia wenyewe.

La jina nalo. "Imeandikwa Alexander, basi ni ya uhai wake." La hasha. Wazee wa Unguja walikuwa na reale ya fedha yenye kifua cha mama mnene, Maria Theresa wa Austria. Alikufa 1780, na 1780 ndio mwaka ulioandikwa, lakini Vienna waliendelea kuipiga karne ya 19 na hata ya 20, kwa sababu Mhabeshi na Mwarabu hawakutaka nyingine. Ya Alexander ndivyo ilivyokuwa. Alikufa 323 KK; miji iliendelea kuipiga kwa jina lake zaidi ya miaka mia mbili, hadi pwani ya Bahari Nyeusi, Odessos na Mesembria. Zile za mwisho ni pana na nyembamba kama kisahani. (Ukikuta ΦΙΛΙΠΠΟΥ badala ya ΑΛΕΞΑΝΔΡΟΥ, Zeus na Herakles walewale, ni Filipo Arrhidaios, nduguye. Si baba yao.)

Kutenganisha za uhai na za baada ya kifo kuna kanuni inayouzwa rahisi: tazama miguu ya Zeus. Ikiwa sambamba, ni za mapema; mguu mmoja ukirudi nyuma, ni za baadaye. Kanuni inasaidia, kisha inakuangusha, kwa kuwa karakana hazikubadilika siku moja. Tunategemea zaidi alama ndogo chini ya kiti na mbele ya magoti, na akiba zilizofukiwa ardhini, kama ile ya Demanhur huko Misri ya mwaka 1905, tetradrakma zaidi ya 8,000. Mtaalamu wa sarafu Newell aliipanga, na mwaka 1991 mwenzake Martin Price akaziwekea zote namba tunazotumia hadi leo. Ukinunua bila namba ya Price umenunua hadithi.

Lakini namba si wahyi. Sarafu nilizofundishwa kuziita za Ake (Akka ya leo), wapo wanaozipeleka Tiro, na hoja zao ni nzito. Hata mwanzo wenyewe una ubishi: wengine wanasema Alexander alianza kuzipiga alipotawazwa 336 KK, wengine baada ya vita vya Issos, 333, alipoikuta Tarso na sarafu za liwali Mazaios zenye Baali ameketi kitini kama huyu Zeus. Mimi niko upande wa Tarso. Usinilishe kiapo.

Feki: nyingi ni za kusubu. Tafuta mshono ukingoni, vitundu vya hewa, herufi zilizolainika kama sabuni iliyotumika. Ipime kwenye mizani ya sonara. Na tafadhali usiioshe kwa ndimu. Ule weusi ni mali.

Nikarudi kwa kijana. Pana, nyembamba, gramu 16.2, hakuna mshono, karatasi za mnada anazo. Nikamwandikia kuwa ni ya Odessos, karne mbili hivi baada ya Alexander kuzikwa, na kwamba katika orodha za mnada za aina hiyo atakuta imeandikwa Herakles "mwenye sura ya Mithradates", mfalme mwingine kabisa. Kichwa kilekile.

Akakaa kimya kama dakika tano. Kisha: "Asante sana mzee. Ila nikiiuza nitaandika ni sarafu ya Alexander. Si umesema mwenyewe imeandikwa 'ya Alexander'?"

Nimeizima simu.