Ukuta wa tsunami hauokoi bandari peke yake

Wengi huamini bandari ya kisiwani ikijengewa ukuta wa kuzuia tsunami, imesalimika. Sivyo. Tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 7.0 la Januari 12, 2010 liliivunja bandari ya Port-au-Prince, Haiti, kutokea chini: udongo wa kujazia, yaani uliomwagwa ufukweni ili kupata pa kujenga, uliokuwa umejaa maji, ulitikiswa ukalegea kama uji, gati likaporomoka, kreni ikadidimia majini. Meli za misaada zikakosa pa kushushia shehena huku majeruhi wakisubiri! Haiti angalau inapakana na Jamhuri ya Dominika, malori yakapitia huko. Kisiwa kilicho peke yake je?

Kwa hiyo udongo ushindiliwe kwanza, nguzo za gati zifike kwenye tabaka gumu la ardhi, na gati mojawapo liimarishwe zaidi kwa ajili ya misaada, kama wafanyavyo Japani.