MYC haianzii kwenye ATG

Mchoro mwingine wa jeni ya MYC umefika mezani hapa Mbeya, na mshale wa mwanzo wa unukuzi (DNA kunakiliwa kuwa RNA) umechorwa juu ya herufi tatu za ATG. Hapana! ATG kuu ni pale ribosomu inapoanza kutengeneza protini. Unukuzi huanzia nyuma kabisa: kuna eksoni ya kwanza (kipande kinachobaki kwenye RNA iliyokamilika), kisha introni (kipande kinachokatwa na kutupwa) ya besi kama 1,600, ndipo unaikuta ATG hiyo kwenye eksoni ya pili.

Tena mwanzo wenyewe si mmoja. Kuna promota mbili, yaani sehemu za kuanzishia unukuzi, P1 na P2, zimeachana kwa besi karibu 160. Kwa kawaida P2 ndiyo hutoa mRNA nyingi, yaani nakala ambazo ribosomu husoma. Kwenye limfoma ya Burkitt, saratani ya seli B ambamo kromosomu hukatika na kuungana vibaya, MYC ikishaangukia jirani na jeni za kingamwili, mara nyingi P1 hushika usukani. Ugonjwa huu hufuata malaria, kwa hiyo utarajie zaidi kwenye joto la Kyela kuliko baridi ya milima ya Uporoto. Na kwa aina hii ya Afrika mkatiko wa kromosomu mara nyingi uko mbali, nje ya jeni. Ukiusaka ndani ya eksoni ya kwanza tu, utaandika "hakuna" na utakuwa umekosea.

Kuusaka mwanzo kwa RACE, mbinu ya kunasa ncha ya mRNA na kuikuza kwa PCR (kunakili DNA mara nyingi): mRNA ya MYC haidumu, ndani ya seli nusu yake hupotea kwa dakika 30 hivi. Sampuli itumbukie kwenye kihifadhi RNA papo hapo. Safisha DNA. Halafu fosfatezi, hatua ambayo watu huiruka ili kuokoa muda, na hapo ndipo kazi nzima huharibika. Kimeng'enya hiki huondoa fosfeti kwenye ncha za RNA iliyokatika zisiungwe na adapta, kipande kifupi cha RNA tunachokijua; mRNA nzima haiguswi kwa kuwa mwanzo wake umekingwa na kofia. Baadaye ndipo unavua kofia, unaunga adapta, unatengeneza cDNA (nakala ya RNA hiyo kwa DNA). Bila fosfatezi, kila kipande kilichooza kitajiita mwanzo wa jeni. Weka pia tyubu moja ambayo kofia haikuvuliwa. Bendi (mstari wa DNA kwenye jeli) ikitokea humo, usiiamini.

Praima, kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia kunakili, ikae eksoni ya pili. Eneo lina besi za G na C tele, RNA hujikunja, kwa hiyo tumia kimeng'enya cha kutengeneza cDNA kinachohimili nyuzi 50 hadi 55.

Ila usipime kiasi kwa RACE. PCR hupendelea vipande vifupi, hivyo P2 itang'aa kupita stahili yake. Uwiano upime kwa kulinda RNA dhidi ya RNase (kimeng'enya kinachokata RNA), kwa probu, kipande cha RNA kinachoshikamana nayo, inayovuka P1 na P2. Hata hapo hujitokeza bendi ndogo zisizo za P1 wala P2, na mimi sithubutu kuziita promota mpaka RACE yenye fosfatezi izione mahali palepale.