Goti linauma: nipumzike au niendelee na kazi?

Nimeambiwa magoti yamesagika na ute umekwisha. Nikitembea si nitayamaliza?

Hapana. Gegedu, lile tabaka la kuteleza kwenye ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka goti linapobanwa na kuachiwa, yaani unapotembea. Ukikaa tu, misuli ya mbele ya paja hunyong'onyea, na mzigo iliokuwa ikiupokea hulielemea goti. Picha ya eksirei nayo isikutishe: wapo ambao magoti yao yanaonekana mabaya kwenye picha, na hawaumwi sana.

Siku nikipata nafuu nalima mpaka jioni, kisha nalala siku tatu. Nakosea wapi?

Unasubiri maumivu yakusimamishe. Tafuta ni dakika ngapi unalima kabla hayajapanda. Kama ni 30, simama kwenye 20 hata ukijisikia vizuri, pumzika 10, ndipo urudi. Tega kengele ya simu, maana shambani mtu husahau. Yapime maumivu kutoka 0 hadi 10: yakifika 4 wakati wa kazi si hatari, mradi kesho asubuhi goti liwe kama lilivyokuwa. Likiamka limevimba au linauma kuliko jana, punguza muda kwa nusu. Usiache kabisa.

Mazoezi gani nifanye nyumbani?

Kama ni moja tu, tungechagua kuinuka kitini. Egemeza kiti imara ukutani. Kaa ukingoni, rudisha visigino nyuma kidogo ya magoti, inamisha kifua mbele hadi pua ipite vidole vya miguu, kisha simama. Keti polepole ukihesabu hadi 3. Huko kushuka nako hujenga paja, na ndiko wengi wanakoharibu kwa kujibwaga. Magoti yasiangukie ndani. Fanya mara 8, pumzika dakika 1, rudia, siku 3 kwa wiki. Ikiwa huwezi bila kujisukuma kwa mikono, kunja blanketi ulikalie ili kiti kipande. Kwa sababu hiyohiyo kigoda cha jikoni ni adui: kadiri unavyokaa chini, ndivyo goti linavyobanwa zaidi wakati wa kuinuka.

Fimbo ishikwe mkono gani?

Mkono ulio kinyume na goti bovu. Goti la kulia likiuma, fimbo iwe kushoto, na itue pamoja na mguu wa kulia. Mshikio ufike usawa wa kifundo cha mkono ukisimama umevaa viatu, mkono ukining'inia.

Mama hununua diklofenaki dukani kila wiki. Kuna shida?

Ipo. Diklofenaki na ibuprofeni za kumeza huweza kuleta vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, kuumiza figo na kupandisha presha, hasa kwa mzee anayetumia dawa za presha. Kinyesi kikiwa cheusi kama lami, apelekwe hospitali mara moja. Muulizeni daktari kuhusu jeli ya diklofenaki ya kupaka gotini, ambayo huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana. Na goti likivimba ghafla, likawa la moto, pamoja na homa, msingoje kesho.

Tumemkataza baba kazi zote, lakini amezidi kulalamika. Kwa nini?

Mtu asiye na linalomngoja asubuhi husikiliza goti lake kutwa nzima. Mlimwondolea mzigo, mkamwondolea na nafasi yake nyumbani. Muulizeni ni kazi ipi anaikosa zaidi, kisha muigawe. Kama ni shamba, pandeni mchicha kwenye mifuko iliyoinuliwa hadi usawa wa kiuno. Ndoo ya lita 20 abebe mjukuu. Kopo la lita 2, na uamuzi wa lini mchicha uchumwe, viwe vya baba.