Jiko la peleti linapopiga mluzi: yanayosemwa kuhusu bomba la hewa, na ukweli wake

Jiko la peleti, yaani linalochoma vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, huwaka kwa nguvu ya feni. Feni ya kutolea moshi hufyonza chumba cha moto na kusukuma moshi nje, na hewa mpya hukimbilia ndani kupitia bomba linalotoka ukutani kujaza nafasi hiyo. Yaani bomba la hewa halipulizwi, linafyonzwa. Ukishalijua hilo, mengi yanayosemwa kuhusu kelele zake hayana pa kusimama.

"Kelele iko kwenye bomba, basi ubovu uko kwenye bomba."

Si lazima. Bomba gumu la chuma lililobanwa kwenye jiko hubeba mtikisiko wa feni mpaka ukutani, na ukuta ukavuma kama ngoma. Ili ujue nani ni nani, fungua dirisha kidogo, legeza klampu na uchomoe bomba kwenye jiko linalowaka kwa dakika moja au mbili. Jiko litaendelea kuwaka kwa hewa ya chumbani. Kelele ikikoma, hangaika na bomba, mahali linapogusa ukuta, na mdomo wake wa nje. Ikibaki, lirudishe bomba mahali pake, zima jiko, liache lipoe, chomoa umeme, kisha itazame feni. Majivu yakiganda upande mmoja wa mapanga, feni hupoteza usawa na kunguruma, na brashi tu hutosha kulimaliza hilo. Mkwaruzo wa chuma unaobaki baada ya usafi ni wa beringi. Wapo wanaoimiminia mafuta. Beringi nyingi za feni hizi zimezibwa kiwandani, kwa hiyo mafuta hayo huishia kunasa vumbi.

"Mluzi maana yake hewa inaingia nyingi mno."

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Mluzi ni hewa iliyobanwa. Chukua bomba la milimita 76 ulipunguze hadi 50 ili lipite kwenye tundu lililokuwepo ukutani: eneo la kupitishia hewa limebaki chini ya nusu, na hewa ileile sasa inalazimika kwenda kwa kasi zaidi ya mara mbili. Kelele nayo huongezeka haraka kuliko kasi yenyewe. Kona kali zilizofuatana hufanya vivyo hivyo.

Ila kabla ya kulaumu kipimo cha bomba, toka nje na tochi. Kwenye mdomo wa bomba mara nyingi kuna wavu mwembamba kama wa mbu, aliouweka mtu kwa nia njema. Vumbi, nyuzi za nguo na utando wa buibui vimejishikiza hapo mpaka vikawa kama kitambaa cha kijivu, na katikati kimebaki kitundu kimoja kidogo. Hicho kitundu ndicho filimbi. Bandua uchafu kwa vidole na utasikia mluzi ukikata hapohapo, hujainuka hata. Kisha weka wavu wenye matundu ya milimita 6 hivi, unaozuia panya bila kunasa vumbi haraka. Penye majira ya baridi kali, barafu nayo huziba mdomo huo kwa namna ileile.

"Basi ziba kidogo, itanyamaza."

Usithubutu. Kwanza mluzi utakuwa mkali zaidi. Pili, moto utakuwa mrefu na mvivu, kioo kitajaa masizi, na peleti zitarundikana bila kuungua vizuri. Moto unaokosa hewa huzalisha monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na huua. Sponji ndani ya bomba ni kosa lilelile kwa jina lingine. Kama unataka kupunguza sauti, livike bomba pamba ya mwamba, yaani nyuzi za mawe zisizoungua, kwa nje (itasaidia pia kupunguza unyevu unaochuruzika kwenye chuma baridi) na uweke raba pale bomba linapogusa ukuta.

"Bomba lolote la kukunjika linafaa."

Lile lenye mikunjo huweza kuimba. Kila mkunjo huzungusha hewa, na kasi ikifika mahali fulani mizunguko hiyo huoana na sauti ya asili ya bomba, kama bomba la plastiki ambalo watoto hulizungusha juu ya kichwa likalia. Dalili yake ni noti moja inayotokea feni ikiwa mwendo fulani, na kupotea au kubadilika mwendo ukibadilika. Wavu ulioziba hauna tabia hiyo, wenyewe hupiga zaidi kadiri feni inavyokaza. Dawa ni kulinyoosha bomba kabisa na kukata lililozidi, au kuweka bomba la chuma lisilo na mikunjo. Lile la plastiki la mashine ya kukaushia nguo halifai karibu na moto. Hata kofia ya mashine hiyo, ile ya kufunika mdomo wa nje wa bomba, haifai, kwa kuwa kilango chake hufunguka kwa nje tu, na jiko likifyonza kinajifunga, kinagongagonga, na hewa haipiti.

"Inagonga siku za upepo, jiko limekufa."

Itikise kofia ya nje kwa mkono. Kaza skrubu.

"Achana na bomba, vuta hewa ya ndani au ya darini."

Ya ndani huwezekana kwa baadhi ya majiko, lakini hewa lazima itoke mahali, kwa hiyo mluzi huhamia chini ya mlango. Nyumba ikiwa imezibwa vizuri, feni ya chumba cha kupikia hushindana na jiko kugombea hewa hiyohiyo. Darini ni hatari zaidi: hewa ya joto hupanda, na umeme ukikatika bomba hilo linaweza kugeuka dohani na kupandisha moshi juu ya vichwa vyenu.

Na kama umechomoa bomba, umesafisha feni, na mluzi bado upo? Jiko likiwa limepoa, bana kipande cha karatasi kwenye mlango wake na ukivute. Kikitoka bila ukinzani, gasketi, yaani ukanda wa kuziba mlango, imechoka, na hewa imekuwa ikipenya hapo siku zote ulizokuwa ukilaumu bomba.