Aliyesaini ndiye anayedaiwa: dhana potofu kuhusu mikataba ya harusi

Nimekuwa mhazini wa kamati tatu za harusi hapa Dar es Salaam. Ugomvi mkubwa haukutoka kwenye michango, ulitoka kwenye karatasi ambayo hakuna aliyeisoma.

Dhana: Bila karatasi yenye sahihi, hakuna mkataba.
Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hailazimishi kila makubaliano yaandikwe. Mkishakubaliana na MC kwa simu tarehe na bei, ukamtumia kianzio, mmefungana. Tabu ni kuthibitisha. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kupokelewa mahakamani kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, mradi uonyeshe kuwa ni halisi. Basi usiufute.

Dhana: Kianzio hakirudishwi, yamekwisha.
Hapa ndipo watu wengi wanapoliwa. Swali la kwanza ni nani kavunja makubaliano. Ukiahirisha wewe, maneno "hakirudishwi" yanaweza kukubana, hasa kama mwenye ukumbi alishawakataa wateja wengine wa Jumamosi ileile. Lakini mpambaji asiyetokea hawezi kujificha nyuma ya maneno hayohayo: unaweza kudai ulichompa, pamoja na hasara iliyotokana moja kwa moja na kutotokea kwake. Na mkataba ukitaja faini, kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinaifanya iwe kikomo tu. Mahakama hutoa fidia ya haki isiyozidi hapo. Kwa hiyo, kabla hujatuma hata shilingi, omba iandikwe: ukighairi miezi mitatu kabla unarudishiwa kiasi gani, na wiki mbili kabla je? Ukishalipa, huna tena nguvu ya kujadiliana.

Dhana: Deni ni la kamati.
Kamati ya harusi haijasajiliwa popote, na kisheria si mtu. Mwenye ukumbi atamtafuta aliyetia sahihi, yaani mwenyekiti, baba mdogo mwenye moyo mwema ambaye alisaini kwa jina lake akidhani anaiwakilisha familia. Ahadi zilizoandikwa kwenye daftari la michango hazitamwokoa. Nani atampeleka shangazi mahakamani kwa laki moja aliyoahidi? Bwana na bibi harusi wasaini wenyewe.

Dhana: "Chakula cha watu 300" kinaeleweka.
Kwa nani? Je, MC, wapiga picha na vijana wa muziki wamo humo? Nyama za aina ngapi? Chakula kinafika saa ngapi? Mpishi akileta sahani 300 saa tano usiku, wageni wakiwa wanatafuta bodaboda, atasema katimiza kazi yake.

Dhana: Tunafunga bomani kimyakimya, mikataba haituhusu.
Taarifa ya siku 21 kwa msajili bado inahitajika chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, na mpiga picha mmoja pia ana bei, muda na tarehe ya kukabidhi picha. Mistari mitano inatosha.

Dhana: Ukumbi umelipiwa, kila kitu kimo.
Uliza kuhusu vinywaji kutoka nje, saa ya kufunga na jenereta. Harusi yangu ya pili kama mhazini, umeme ulikatika keki ikiingia. Jenereta lilikuwepo kwenye mkataba. Mafuta hayakuwemo, na tukapitisha kofia gizani.