Mama hakutengwa, amepungukiwa na watu

Juzi tena, kwenye mkutano wa afya huku Mji wa Kale, Mombasa, mwenye kipaza sauti alisema "wazee waliotengwa" mara nane. Nilihesabu. Kila akilitaja, dada mmoja nyuma yangu alinong'ona: "Nani alomtenga mamangu? Twala sinia moja." Alikuwa na haki ya kukasirika.

Kilichokusudiwa ni hiki: mtu kuwa na watu wachache wa kuonana, kuzungumza na kusaidiana nao, tena mara chache. Hilo ni jambo la kuhesabika. Upweke ni jambo jingine. Ni hisia, na aijuaye ni mwenyewe. Mmoja huishi peke yake Kibokoni na moyo wake mkunjufu, mwingine yuko nyumba yenye wajukuu tisa huko Kisauni na ni mpweke.

Sasa hili "kutengwa". Kutenga ni kuweka kando kwa makusudi. Mtu hutenga pesa za karo, ukoo humtenga aliyeuaibisha, kanisa humtenga muumini. Daima pana mkono uliotenda, na ile "w" ya kutendwa huwafanya wasikiaji waanze kuutafuta. Tena hapa kwetu neno lina kidonda: Mei 2020, Mji wa Kale ulipofungwa kuingia na kutoka kwa ajili ya korona, "kutengwa" na "karantini" tuliyasikia asubuhi na jioni. Ukimwambia mtu leo kwamba mamake ametengwa, umemshitaki.

Wazee wetu walikuwa na neno "ukiwa" (si lile la "ukiwa na nafasi"). Mkiwa ni asiye na watu wake, aliyebaki pweke, na hakuna aulizaye nani aliyemfanya hivyo, huhurumiwa tu. Lakini nalo ni zito mno kwa mtu ambaye wanawe wako hai, ila wako Doha na Nairobi.

Maana mara nyingi hakuna aliyetenda lolote. Namjua mzee mmoja aliyekuwa hakosi barazani baada ya Alasiri, kahawa chungu mkononi, akibishana kuhusu mpira. Masikio yakaanza kufifia. Akawa anajibu lisiloulizwa, vijana wanacheka, hata wao bila ubaya. Akaanza kuja siku mbili kwa wiki, kisha Ijumaa peke yake, kisha basi. Nani alimtenga?

Tume ya jarida la kitabibu la The Lancet, katika ripoti yake ya 2024, ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia (maradhi ya ubongo yanayopokonya kumbukumbu na fikra) na yanayoweza kushughulikiwa. Uchache wa watu umo, na kupungua kwa usikivu umo pia. Kwa mzee wangu yule, la pili ndilo lililolileta la kwanza. Mazungumzo huupa ubongo kazi: kukumbuka jina, kufuata kisa, kutafuta jibu la mzaha. Kazi hiyo ikikoma, ubongo hukosa zoezi. Ila tusikimbilie kusema upungufu wa watu ndio ulioleta maradhi, kwani wakati mwingine maradhi ndiyo hutangulia: mtu ameshaanza kupotelewa na maneno, anaona haya, anajifungia ndani.

Ndiyo maana mimi husema "amepungukiwa na watu". Halimlaumu mtu, na lina hesabu ndani yake: wangapi, mara ngapi. Wahudumu wetu wa afya, nawaomba kwa heshima, mkija tena msiulize kama mama ametengwa. Muulizeni dada yule: wiki hii mama amezungumza na nani, na alisikia alichoambiwa?