Kikapu Hakinyweshi Miche

Swali limerudi tena wiki hii, neno kwa neno: "Miche imenyauka na kila siku namimina maji kikapuni kama nilivyofundishwa. Nimekosea wapi?" Umekosea hapo hapo, kikapuni. Bustani ya tundu la ufunguo, yaani tuta la duara lenye kikapu cha kutupia maganda na kumiminia maji katikati, na njia nyembamba ya kukifikia, naipenda, ndiyo maana inaniuma kuona watu wanaitelekeza msimu wa kwanza kwa sababu waliambiwa kwamba ukishaijenga inajinywesha yenyewe. Haijinyweshi.

Ujenzi wenyewe nitaupitia haraka. Ukuta wa duara, kipenyo mita 2. Kikapu cha fito katikati, upana sm 40, urefu mita 1.2 kutoka chini kabisa. Njia ya kuingilia ina upana wa sm 60 ukutani na inakwenda ikipungua hadi kikapuni. Ukuta uwe sm 70 hivi, na udongo uinuke kuelekea kikapuni kwa sm 15 au 20. Usipanue tuta likawa mita 3 eti upate mavuno zaidi. Kutoka ukutani hadi kikapuni sasa ni sm 80, yaani mkono wa mtu mzima aliyeinama kidogo. Ilipoenezwa Lesotho, ilikusudiwa iwafae hata wazee na wagonjwa wasioweza kuinamia jembe. Ukiipanua, utaanza kupanda juu ya tuta na kulikanyaga, na udongo ulioshindiliwa hauna faida.

Sasa maji. Ukimimina ndoo kikapuni, maji yanashuka kwanza. Yakifika chini ndipo udongo unapoanza kuyavuta pembeni na kuyapandisha, kama utambi wa taa unavyofyonza mafuta. Asubuhi inayofuata chimba kishimo sm 40 kutoka kikapuni. Juu utakuta vumbi. Chomeka kidole hadi kifundo cha pili, bado pakavu. Endelea hadi sm 20: udongo unabadilika rangi, unakuwa mweusi, ukiufinyanga ngumini unashikana na kiganja kinabaki na ubaridi. Maji yako yako hapo. Mche uliohamishiwa jana una mizizi ya sm 5 hadi 8. Utayafikiaje?

Kwa hiyo nywesha kwa juu, taratibu, shinani mwa kila mche, kwa wiki 3 au 4 za mwanzo, huku ukimimina kidogo kikapuni ili unyevu wa chini uwe tayari unaisubiri mizizi. Baada ya hapo punguza ya juu polepole. Mbegu za kusia moja kwa moja, kama karoti, zinataka maji ya juu hadi zipate majani halisi manne au matano. Usiangalie kalenda peke yake. Chimba kishimo, ulinganishe kina cha unyevu na kina cha mizizi.

Halafu kuna hili dai kwamba tuta linatosheka na "ndoo moja kwa wiki". Tupige hesabu. Ukitoa njia na kikapu, tuta linabaki na karibu mita za mraba 2.8. Mboga zilizokwisha kulifunika, siku ya jua kali na upepo, zinaweza kutumia maji ya kina cha milimita 5. Hizo ni lita 14 kwa siku. Ndoo ya lita 20 ni ya siku moja na nusu. Mawingu, matandazo mazito na mvua hubadilisha hesabu hiyo sana, na tuta lenye mboji nyingi huhifadhi maji kuliko shamba tupu. Lakini hakuna tuta linalotengeneza maji.

Jambo linalonikera kuliko yote ni jinsi matabaka yanavyopangwa. Picha nyingi huonyesha mawe, kisha vijiti, kisha majani makavu, kisha udongo, kisha vijiti tena, kila tabaka limenyooka kama keki. Chini kabisa mawe yanafaa kwa sababu yanaruhusu maji ya ziada kutoka. Ila tabaka la vijiti vyenye mianya mikubwa likipita katikati ya tuta kutoka kikapuni hadi ukutani, umekata utambi. Maji hayaruki mianya ya hewa kupanda juu. Udongo wa chini utalowa, wa juu utakauka, na utaapa kwamba mimea ina ugonjwa. Vijiti vikae theluthi ya chini. Vikanyage, umwagie udongo na samadi hadi mianya ijae, ndipo uendelee. Majani makavu yawekwe membamba, unene wa vidole viwili, yamwagiwe maji kabla ya kufunikwa. Na kuzunguka kikapu pawe na udongo laini uliochanganywa na mboji, umegusana na fito. Anayekizungushia kikapu karatasi ya plastiki ili udongo usiingie ameziba njia ya maji. Nyasi kavu zinatosha.

Maji ya kuoshea vyombo yanafaa yakiwa yamepoa na hayana dawa ya kung'arishia nguo. Sabuni ya unga ina sodiamu, na sodiamu ikizidi udongo wa mfinyanzi hupoteza chembechembe zake na kuwa tope lisilopitisha maji. Yapishanishe na maji safi, leo haya, kesho yale. Jivu nalo, konzi moja au mbili kwa msimu. Jivu na sabuni vyote vinapandisha uchungu wa magadi, yaani vinaufanya udongo uwe kinyume cha uchachu. Ule ushauri wa kuweka makopo yenye kutu ili mboga zipate madini ya chuma siuungi mkono: kwenye udongo wa aina hiyo kutu haiyeyuki, na mzizi hauwezi kunywa kisichoyeyuka.

Nina shaka pia na sifa za kikapu kama mbolea. Maji yanayopita kwenye maganda yaliyooza hubeba nitrojeni na potasiamu, sawa. Fosforasi haisafiri hivyo. Hubaki karibu na ilipowekwa. Anayetegemea kikapu peke yake atapata mboga nzuri sm 30 za kwanza, na ukutani vitu vidogo vyenye majani ya zambarau kwa chini. Kila unapovuna na kupanda upya, tandaza samadi iliyooza tuta zima, unene wa vidole viwili, uichanganye na udongo wa juu. Nyanya na mboga za majani zikae karibu na kikapu, vitunguu na viungo vinavyovumilia ukame ukutani.

Majani ya chini yakigeuka manjano wiki chache baada ya kupanda, mara nyingi ni vijiti na majani makavu yanayooza na kunyang'anya nitrojeni. Mwagia maji ya samadi, rangi ya chai nyepesi, mara moja kwa wiki. Na tuta litashuka, sm 10 hadi 20 msimu wa kwanza, zaidi upande wa kikapu, hadi mteremko ugeuke na maji ya juu yaanze kutuama shinani mwa kikapu. Weka akiba ya udongo na mboji, karai nane au kumi, uijazie mara baada ya mavuno ya kwanza.